Nusu ya Kidonge Haikukingi: Dawa za Kuzuia Damu Kuganda na Figo Zilizodhoofika

Wiki hii tu wagonjwa watatu wamenikunjulia karatasi mezani, ndani mkiwa na nusu za vidonge walizozikata kwa kisu nyumbani. Maelezo yao hayatofautiani: figo zangu ni dhaifu, nikimeza kidonge kizima nitavuja damu.

Dhana: mwenye figo dhaifu akijipunguzia dozi, anakuwa salama zaidi.

Ukweli: hofu yenyewe ina msingi. Figo zikidhoofika dawa hukawia kutoka mwilini, na chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoziba jeraha, hata zikiwa na idadi ya kawaida, hazishikamani sawasawa kwa sababu ya taka zilizobaki katika damu. Lakini wanaokata vidonge husahau kwamba damu ya mgonjwa huyohuyo huganda mahali pasipotakiwa kwa wepesi kuliko ya mtu mwenye figo nzima, kwa hiyo anayekimbia kuvuja damu anaweza kukutana na kiharusi. Dozi hupangwa kwa hesabu, na kila dawa ina hesabu yake: dabigatrani hutolewa na figo kwa takribani asilimia 80, ilhali apiksabani ni kama asilimia 27. Kwa mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, apiksabani hushushwa kutoka miligramu 5 hadi 2.5, mara mbili kwa siku, akiwa na angalau mawili kati ya haya matatu: umri wa miaka 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 au chini, na kreatinini (taka ya misuli inayochujwa na figo, hupimwa katika damu) ya miligramu 1.5 kwa desilita au zaidi. Mwanamume wa miaka 66 mwenye kilo 70 na kreatinini ya 1.6 ana moja tu, hivyo hunywa dozi kamili, apende asipende.

Wapo pia wanaofungua kapsuli ya dabigatrani na kumwaga sehemu ya chembechembe zake. Hilo hunikera kupita yote, kwa sababu chembechembe zikimezwa bila ganda, kiasi cha dawa kinachoingia katika damu huweza kuongezeka kwa asilimia 75. Aliyedhani amepunguza, huenda ameongeza.

Dhana: kreatinini ya 1.2 maana yake figo ni nzima. Kwa kijana mwenye misuli, labda. Kwa bibi wa miaka 82 mwenye kilo 48, hesabu inayozingatia umri, uzito na jinsia hutoa uwezo wa figo wa mililita 27 hivi kwa dakika. Ndiyo maana nang'ang'ania mizani kila mgonjwa anapokuja.

Dhana: wafarini haitolewi na figo, basi haina shida. Wenye figo mbovu mara nyingi huhitaji dozi ndogo zaidi, na INR yao, kipimo cha jinsi damu inavyokawia kuganda, hupanda na kushuka ovyo. Nao wanaotumia rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, waache kujivunia INR nzuri. Kipimo hicho hakipimi dawa yao.

Dhana: diklofenaki, dawa ya maumivu, ya siku mbili haina neno. Ina neno: huchubua tumbo, huzuia chembe sahani na kuzibana figo, yote kwa pamoja.

Ukiharisha au kutapika siku nzima, piga simu siku hiyohiyo, kwani uwezo wa figo unaweza kushuka ghafla na dozi ya jana isikufae leo. Ukiona kinyesi cheusi kama lami, usipige simu, nenda hospitali.