Kitabu Kikipingwa Shuleni, Fika Kabla ya Kura

Tangu mwaka wa shule uanze, idara yetu ya maktaba za shule imepokea simu nyingi za wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani. Swali ni lile lile: "Mwalimu, tumesikia wametoa vitabu maktaba, tufanyeje?" Tunashukuru kwamba mnauliza. Shida ni kwamba simu hizo karibu zote hupigwa baada ya bodi ya elimu ya wilaya kukaa na kupiga kura, wakati mengi yameshaamuliwa.

Kwanza, kitabu kuondolewa maktaba ya shule si kosa la jinai kwako wewe kuwa nacho. Unaweza kukinunua, na unaweza kumsomea mwanao kitandani. Hili tumelieleza mara nyingi na bado tunaulizwa kila wiki. Anayeumia ni mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kitabu hata kimoja, na watoto hao wamo wengi miongoni mwa wetu.

Wengine wanaamini kwamba kitabu kikitolewa, basi wazazi wengi wamelalamika. Chama cha Maktaba cha Marekani kilihesabu majaribio 821 ya kuzuia vitabu na huduma nyingine za maktaba katika mwaka 2024. Asilimia 72 yalianzishwa na vikundi vya shinikizo pamoja na viongozi wa serikali na wajumbe wa bodi. Wazazi walikuwa asilimia 16. Kwa hiyo tafadhali msituambie tena kwamba "jamii imekwisha kusema." Jamii haijafika ukumbini.

Sasa utaratibu. Wilaya nyingi zina sera ya maandishi kuhusu vitabu vinavyopingwa. Mlalamikaji hujaza fomu. Humo huulizwa kama amesoma kitabu chote, ni kurasa zipi zinamsumbua, na anataka kifanyiwe nini: kiondolewe, kihamishiwe darasa la juu, au kiazimwe kwa ruhusa ya mzazi tu. Kisha huundwa kamati ya mapitio, kwa kawaida mkutubi, walimu, msimamizi wa shule na mzazi mmoja au zaidi. Kamati inapaswa kusoma kitabu kizima, si kurasa mbili zilizopigwa picha kwa simu. Inaandika pendekezo lake, na asiyeridhika hukata rufaa kwa bodi. Nafasi yako ni hapo katikati. Omba sera ya wilaya. Omba kuwa mjumbe wa kamati kabla majina hayajafungwa. Omba kwa maandishi nakala ya malalamiko yenyewe, maana sheria za majimbo mengi za nyaraka za umma zinaruhusu, ingawa unaweza kutozwa gharama ya nakala. Halafu jiandikishe kuzungumza kwenye kikao cha bodi kwa muda uliotangazwa. Ukichelewa kujiandikisha, hutaitwa, hata kama umetoka mbali. Kwa kawaida dakika ni 2 au 3, na zikiisha unakatwa. Kama unahitaji mkalimani, iandikie ofisi ya wilaya siku kadhaa kabla, si mlangoni.

Majimbo hayafanani. Florida, kwa sheria iliyoanza kutumika Julai 2023, kitabu kinachopingwa kwa madai ya maudhui ya kujamiiana hutolewa ndani ya siku 5 za shule na kukaa nje hadi pingamizi liamuliwe. Mzazi akianza kukisoma kwa sauti mbele ya bodi na bodi ikamzuia kwa sababu ya maudhui hayo, wilaya inapaswa kuacha kukitumia. Mwaka 2024 jimbo hilo liliongeza kwamba mtu asiye na mtoto katika shule za wilaya hawezi kupeleka zaidi ya pingamizi moja kwa mwezi. Illinois ilikwenda njia nyingine: tangu Januari 1, 2024, maktaba isiyo na tamko la kupinga kufungia vitabu haistahili ruzuku ya jimbo.

Na mahakama? Mwaka 1982, katika kesi ya Island Trees dhidi ya mwanafunzi Steven Pico, majaji wa Mahakama ya Juu walioandika maoni makuu walisema bodi haiwezi kuondoa vitabu maktaba kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo. Lakini hoja hiyo haikupata majaji wengi kamili, na Mei 2025 mahakama ya rufaa inayosimamia Texas, Louisiana na Mississippi iliikataa. Kwa walio katika majimbo hayo matatu, ukumbi wa bodi una uzito kuliko wakati wowote.

Na ukumbi huo unasikia. Katika wilaya ya Central York, Pennsylvania, bodi ilizuia orodha ya vitabu na nyenzo za kufundishia, nyingi zikiwa za waandishi weusi au zikiwahusu watu wasio weupe. Septemba 2021 wanafunzi wa sekondari walisimama nje ya shule na mabango, asubuhi baada ya asubuhi, kabla ya masomo. Wazazi wakajaza vikao. Mwezi huo huo bodi ikaufuta uamuzi wake. Kila nikiwakumbuka vijana wale, napata nguvu ya kurudi kazini.

Kuhusu uraia, kuzungumza kwenye kikao cha bodi si kupiga kura, na mzazi hahitaji kuwa raia ili asimame na kusema. Kura ni jambo jingine kabisa. Asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wa shirikisho anaweza kutozwa faini, kufungwa hadi mwaka mmoja na kufukuzwa nchini. Usijaze fomu ya kura kwa kuwa tu umepewa mkononi. Anayesubiri hati zake azungumze kwanza na wakili wake, kwa sababu makala haya si ushauri wa kisheria.

Hatupingi mzazi kusema, "Mwanangu asiazime kitabu hiki." Wilaya nyingi zinaruhusu hilo, nasi huliandika kwenye rekodi ya mtoto siku hiyo hiyo. Tunachokataa ni mtu mmoja kumwamulia mtoto wa jirani yake.

Ukitupigia simu, swali letu la kwanza litakuwa kama umekisoma kitabu chenyewe. Kama bado, tuambie jina lake na tarehe ya kikao, tukutafutie nakala uimalize kabla ya siku hiyo.