Bango la mgombea mbele ya nyumba yako Marekani: Katiba inakulinda dhidi ya nani?

Wenye nyumba wengi Marekani huamini kwamba Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema, yanawaruhusu kusimamisha bango la mgombea mbele ya nyumba, na hakuna wa kuligusa. Hiyo ni nusu ya ukweli. Katiba inaifunga serikali. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba mji wa Ladue, Missouri, ulikosea kumkataza Margaret Gilleo kubandika dirishani karatasi ya inchi 8.5 kwa 11 iliyotaka amani katika Ghuba ya Uajemi.

Chama cha wenye nyumba (HOA), yaani chombo binafsi kinachosimamia mtaa na kuwawekea wakazi masharti, si serikali. Masharti yake huambatana na hati ya nyumba, na ukinunua umeyakubali, hata kama hukuyasoma. Hapo kinga yako kubwa ni sheria ya jimbo, nayo hutofautiana sana. Texas inakizuia chama kukataza mabango ya uchaguzi kuanzia siku 90 kabla ya kura hadi siku chache baada yake, lakini kinaweza kudai bango moja kwa kila mgombea, lichomekwe ardhini, lisizidi futi 4 kwa 6. California haiangalii msimu: chama kinaweza kukataza bango linalozidi futi za mraba 9, au bendera na bango la kitambaa linalozidi 15.

Kinachowaponza wengi zaidi ni ukanda wa nyasi kati ya njia ya miguu na barabara. Unaufyeka wewe, lakini mara nyingi ni hifadhi ya barabara, na mji unaweza kuling'oa bango lako hapo kihalali. Lisogeze ndani ya mpaka wa kiwanja.