Kompyuta ya zamani: usiiwashe, toa diski kwanza

Hapa Ngamiani, Tanga, naletewa kompyuta za mezani zilizokaa stoo miaka mingi, kubwa kwa umbo, nyingi zikiwa na Windows XP. Ombi huwa lile lile: "Fundi, iwashe tu, unihamishie vitu vyangu kwenye laptopu mpya." Kuiwasha ndicho kitu ninachokikwepa kuliko vyote.

Mashine nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliwekewa kapasita duni, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi. Ukifungua boksi unaziona: vichwa vimevimba, nyingine zimevuja majimaji ya kahawia yaliyokauka. Ongeza hewa ya chumvi ya bahari yetu na unyevu wa masika, unakuta pini zimeota ukungu wa kijani. Saplai ya umeme iliyochoka ikiwashwa ghafla inaweza kupitiliza volti hadi kwenye diski. Na diski ndiyo mali. Boksi lililobaki, hata likifa leo, mafaili yako hayadhuriki.

Kwa hiyo nachukua bisibisi. Za zamani zaidi ni diski za IDE, zile za utepe mpana wenye pini 40. SATA, zilizoanza kuingia sokoni mwaka 2003, zina waya mwembamba wa pini 7. Zote zina adapta ya kuziunganisha na tundu la USB la kompyuta mpya. Angalia jambo moja unaponunua: diski ya mezani ya inchi 3.5 inahitaji volti 12 na USB inatoa 5 tu, hivyo adapta lazima ije na chaja yake ya ukutani. Ile isiyo na chaja inafaa diski ndogo za laptopu. Kwa IDE, hakikisha pia kile kiplastiki kidogo cha nyuma kimekaa sehemu iliyoandikwa master.

Wapo wanaopenda fleshi. Kwa barua chache, sawa. Lakini matundu ya USB ya mashine kongwe kabisa, yale ya toleo la 1.1, yanapitisha megabaiti moja hivi kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 40 zitakula zaidi ya saa kumi, na umeme ukikatika katikati hujui ulipoishia. Tena fleshi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi. Video ya harusi inagoma, na mtu anadhani fleshi imejaa. Kuunganisha mashine mbili kwa waya wa mtandao nako kuna kizingiti chake: XP inatumia SMB, njia ya Windows ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao, toleo la 1, na Windows za sasa zimelifunga kwa sababu za usalama. Mimi silifungui kwa ajili ya kazi ya siku moja.

Diski ikishasomeka, kazi yenyewe ndiyo inaanza, nayo ni kujua vitu viko wapi. Mama mmoja mwenye steshenari aliniambia, "Fundi, kadi zote za harusi nilizowahi kutengeneza zimo humo." Nikamuuliza, "Mama, ulikuwa unazihifadhi wapi?" Akajibu, "Pale pale mbele, ukiwasha unaziona." Hilo ni jibu zuri sana kwa fundi. Maana yake ni Desktop, na kwenye XP iko ndani ya Documents and Settings, kwenye folda yenye jina la mtumiaji. Kuanzia Vista, Windows iliyofuata XP, folda hiyo kuu inaitwa Users. Anayekimbilia My Documents peke yake angeziacha kadi zote. Na kadi zenyewe zikifunguliwa kwenye laptopu mpya bila fonti zake, maua ya maandishi yanageuka herufi za kawaida na mistari inapishana. Ndiyo maana nachukua pia Fonts iliyo ndani ya folda ya Windows. Programu zenyewe hazihamishwi kwa kunakili, zinasakinishwa upya.

Windows mpya ikikuambia huna ruhusa ya kufungua folda, usiogope. Ukiwa na akaunti ya msimamizi unakubali kuendelea, inafunguka. Kinachonipa wasiwasi ni mafaili yenye alama ya kufuli, au yenye majina yaliyoandikwa kwa kijani. Hayo yamefungwa kwa usimbaji wa Windows yenyewe, na ufunguo uko kwenye akaunti ya zamani. Hapo ndipo mashine ya zamani inastahili kuwashwa, baada ya kusafishwa na kuwekewa saplai nzima.

Diski ikigonga tak-tak-tak, zima palepale. Kila jaribio la kunakili kwa kawaida linaichosha zaidi. Natumia ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye mfumo wa Linux: inachukua kwanza sehemu nzima, inaweka kumbukumbu ya zilizogoma, kisha inazirudia.

Mstari wa kunakili ukifika mwisho, bado. Linganisha idadi ya mafaili na ukubwa kwa baiti pande zote mbili. Usilinganishe ukubwa unaokaliwa kwenye diski, maana huo hutofautiana kati ya diski na diski hata mafaili yakiwa yale yale. Kisha fungua machache: picha moja, hati moja, video moja hadi mwisho wake. Tarehe ya kuundwa itasoma ya leo. Angalia tarehe ya kubadilishwa, hiyo inabaki ya zamani.

Baada ya hapo weka diski ya zamani mahali pakavu kwa miezi kadhaa, kwa sababu mtu hukumbuka kitu alichokisahau. Ukija kumpa wa vyuma chakavu, kufomati kwa haraka hakutoshi: kunafuta orodha tu, picha na namba za watu zinabaki. Chagua fomati kamili, ambayo tangu Vista huandika sifuri diski nzima, uiache imalize.