Kulanti si ya nchi za baridi tu

Ujumbe umerudi tena kwenye magrupu: "Mwanza hakuna barafu, gari la spoti lililokula kilometa litie maji ya ziwa tu." Si kweli. Kinachochanganya ni kopo la kulanti (kimiminika cha kupoza injini, kinachotiwa kwenye rejeta), maana limeandikwa nyuzi joto za kuganda. Lakini kulanti pia huzuia kutu na huchelewesha kuchemka. Huku kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka karibu nyuzi 96, si 100. Malori ya zamani ya injini za chuma yalivumilia maji matupu (kwa shida). Subaru Impreza ya turbo, injini alumini, haivumilii. Hakikisha mwenyewe: injini ikiwa imepoa kabisa, fungua rejeta. Maji ya kahawia ni kutu. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.