Je, maji ya kufunika dunia nzima yangetoka wapi?

Kisa cha Nuhu na safina yake ni nani asiyekijua, awe amelelewa madrasa au kanisani? Imani ya mtu siigusi hapa. Ninachouliza ni hesabu ya ndoo na kata: dunia ina maji ya kuifunika milima yote?

Tuanze na mvua. Mvuke wote ulioko angani ukinyesha kwa mpigo na kuenea sawasawa duniani kote, kina chake ni kama sentimita 2.5. Hata kifundo cha mguu hakizami. Barafu je? Ikiyeyuka yote, bahari itapanda mita 65 hadi 70 hivi. Hapo miji ya pwani itaumia kwelikweli, lakini Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, haitalowa. Kilimanjaro ina mita 5,895, Everest 8,849. Kuifunika Everest kunahitaji maji mengine zaidi ya mara tatu ya bahari zote tulizo nazo. Na yakishapatikana, yatakauka yaende wapi?

Wapo wanaosema yalibubujika kutoka ardhini. Ni kweli kwamba miamba iliyo mamia ya kilomita chini yetu ina maji, ila yamo ndani ya madini yenyewe, si ziwa la kuchotwa.

Hoja nzito zaidi ni ile ya mabaki ya viumbe wa baharini kileleni Everest. Yapo, wala si uzushi. Lakini si bahari iliyopanda mlima. Sakafu ya bahari ndiyo iliyoinuliwa, India ilipoanza kuisukuma Asia miaka kama milioni 50 iliyopita. Tena barafu ya Antaktika ina matabaka ya miaka 800,000 yasiyokatika. Barafu huelea, gharika ya dunia nzima ingeing'oa.

Mafuriko makubwa ya mahali yalikuwepo, hilo halina ubishi. Huko Ur, mji wa kale ulioko Iraki, mwanaakiolojia Leonard Woolley alichimbua tabaka la tope la karibu mita 3 mwaka 1929, ila si miji yote ya jirani iliyokuwa nalo.

Bahari nayo imepanda mita 120 hivi tangu miaka 20,000 iliyopita, polepole, kwa kuyeyuka kwa barafu. Kabla haijapanda hivyo, mtu angetoka Bagamoyo hadi Unguja kwa miguu. Pemba asingefika: mkondo wake una kina kirefu mno, ilikuwa kisiwa hata wakati ule.