Je, wajua? Tangi kubwa haliongezi presha ya maji

Kijiji kina kisima kirefu, tangi la lita 50,000 juu ya kilima na bomba kuu linaloteremka hadi mtaa wa mwisho. Asubuhi watu wa mtaa huo hawapati hata tone. Kamati inakaa na kuamua: tangi ni dogo, tujenge jingine la lita 100,000. Linajengwa, linajaa, na asubuhi inayofuata mtaa wa mwisho bado ni mkavu.

Wazo kwamba maji mengi yakikaa juu yatasukuma zaidi linaonekana kuwa la haki kabisa, maana mzigo mkubwa hukandamiza zaidi. Lakini maji hayafanyi kazi kama gunia la mahindi. Presha kwenye koki, maji yakiwa yametulia, hutegemea kitu kimoja tu, yaani uso wa maji tangini uko mita ngapi juu ya koki hiyo. Kila mita 10 za kimo ni takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Upana wa tangi haumo kwenye hesabu.

Asiyeamini amtazame fundi mwashi anapopima leveli kwa mpira wa maji. Achukue mpira ule mwembamba kama kidole, atumbukize ncha moja kwenye pipa lililojaa, auvute hadi maji yaanze kutoka, kisha anyanyue ncha ya pili kando ya pipa. Maji ndani ya mpira yatasimama sawasawa na uso wa maji ya pipa. Lita 200 upande mmoja, vikombe vichache upande wa pili, na hakuna anayemshinda mwenzake. Mwanahisabati Simon Stevin aliandika juu ya kioja hiki mwaka 1586, na bado kinawagharimu watu saruji nyingi. Tangi jipya likiwa refu kuliko la zamani kwa mita 1, faida yake ni bar 0.1 likijaa, na inapungua kadiri maji yanavyoshuka.

Basi presha ya asubuhi inapotelea wapi? Inaliwa na bomba. Fikiria daladala iliyojaa. Ikiwa hakuna anayeshuka, wembamba wa ujia haumsumbui mtu. Konda akiita kituo na watu kumi wa nyuma wakainuka pamoja, ndipo kila mmoja anasuguana na viti. Maji nayo ni hivyo hivyo: yakitulia hayapotezi presha hata kidogo, yakikimbia yanaipoteza kwenye kuta za bomba. Ukipunguza kipenyo kwa nusu huku ukitaka maji yaleyale, njia inabaki robo, kwa hiyo kasi inakuwa mara 4. Msuguano hupanda karibu kwa mraba wa kasi, hapo tayari ni mara 16, na kwa kuwa katika bomba jembamba sehemu kubwa zaidi ya maji iko jirani na ukuta, zidisha tena kwa 2. Kanuni ya Hazen-Williams, inayotumiwa sana na wahandisi wa maji, hutoa mara 29 hivi.

Tuweke tarakimu. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250. Kijiji cha watu 3,000 kinahitaji vituo 12 na lita 75,000 kwa siku. Ongeza robo kwa uvujaji, upate kama 94,000. Watu hawachoti sawasawa saa zote 24. Ukichukua kilele cha asubuhi kuwa mara 2.5 ya wastani, bomba kuu linapaswa kupitisha lita 2.7 kwa sekunde.

Tuseme bomba hilo ni la plastiki ngumu (HDPE), kipenyo cha nje milimita 63 (ndani ni kama 55), urefu mita 1,500 kabla ya tawi la kwanza, na tangi liko mita 25 juu ya mtaa wa mwisho. Kusukuma lita 2.7 humo kunakula mita 39 za kimo. Ziko 25. Vituo vya karibu na vya bondeni vinakunywa kilichopo, wa mwisho wanasikiliza hewa.

Bomba la 90 badala yake linakula mita 7 tu. Lakini msifukue la zamani. Likiwa zima, ukilaza la 90 pembeni yake na kuyaunganisha ncha zote mbili, upotevu unashuka chini ya mita 4. Hata la pili la 63 peke yake lingeuleta kwenye mita 11. Linganisha na kunyanyua tangi kwa mnara wa mita 6, ambao unakupa mita 6 zilezile.

Hesabu hizi ni za bomba laini na safi. Chuma chenye kutu hula zaidi, na tope, hewa iliyonaswa mgongoni mwa kilima au valvu iliyofungwa nusu huweza kuleta dalili zilezile bila kipenyo kuwa na kosa. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, funga geji ya presha kwenye kituo cha mwisho. Isome saa 8 usiku vituo vyote vikiwa vimefungwa, kisha saa 1 asubuhi. Usiku ikionyesha bar 2.5 na asubuhi sifuri, kimo kipo, tatizo liko njiani. Kagua valvu na vitoa hewa kwanza, ndipo uwaze bomba. Usiku nayo ikiwa chini, tafuta uvujaji, au tangi lenyewe limekwisha maji.

Hilo la mwisho ndilo linalostahili tangi kubwa, mradi pampu ina uwezo wa kulijaza. Pampu ya sola ikitoa maji mchana tu, lazima pawe na pa kuyaweka hadi alfajiri. Tangi hununua muda. Likifurika kila jioni na mtaa wa mwisho bado unalia, la pili litafurika pia.