Je, Wajua Kwa Nini Tamthilia za Mchana Hurudia Jambo Lile Lile?

Jumatatu, mke anagundua kwamba mumewe ana mtoto wa nje. Jumanne anamwambia dada yake. Jumatano dada anamnong'oneza shangazi, Alhamisi shangazi anamwita mume sebuleni na kumbana kwa maswali, na Ijumaa mume yuko ndani ya gari akimsimulia rafiki yake kwamba siri imefichuka. Wiki nzima imepita na habari ni ile ile moja. Aliyezoea filamu ya saa mbili lazima ajiulize: kwa nini tamthilia za kila siku, hasa zile za mchana na jioni mapema, huhitaji siku tano kusema jambo moja?

Jibu linalotoka haraka ni kwamba wanaozitazama ni akina mama wa nyumbani ambao ni wazito wa kushika mambo, na wanaoziandika wanajaza muda tu. Wengi hulisema bila kufikiri mara mbili. Si kweli, na kwa kuwa limewatukana wanawake kwa miongo mingi, tena wakati mwingine kwa jina la sayansi, tulikague vizuri kabla ya kulitupa.

Mwaka 1942 daktari wa magonjwa ya akili wa New York, Louis Berg, alitangaza kwamba michezo ya redio ya mchana, iliyotangulia tamthilia hizi za televisheni, inawadhuru wanawake wanaoisikiliza. Orodha ya madhara ilikuwa ndefu: moyo kwenda mbio, presha kupanda, jasho jingi, kutetemeka, kizunguzungu, tumbo kuvurugika, hofu za usiku. Watu waliichukua orodha hiyo kama ushahidi wa kitabibu. Ushahidi wenyewe ulipokuja kuchunguzwa, ilibainika kwamba mtu aliyepimwa presha na mapigo ya moyo alikuwa Berg mwenyewe. Hukumu juu ya mamilioni ya wanawake ilitolewa kwa kipimo cha mwanamume mmoja.

Wakati huo huo kulikuwa na mtu aliyefanya jambo la busara zaidi: aliwauliza wasikilizaji. Herta Herzog, mtafiti mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, aliwahoji wanawake 100 wa New York na vitongoji vyake kuhusu michezo hiyo, na mwaka 1941 akachapisha alichokisikia. Walimwambia kwamba wanapata nafasi ya kulia, nafasi ya kuota maisha mengine, na pia ushauri: nikifiwa nifanyeje, mtoto akinikaidi nimwambie nini. Mwaka 1944 alichapisha ulinganisho mpana wa wanaosikiliza na wasiosikiliza, na hakuona kwamba wasikilizaji ni watu waliojitenga na wenzao kuliko wengine. Herzog naye hakuwaheshimu sana wanawake hao katika maandishi yake, lakini angalau alibisha hodi milangoni mwao.

Dharau ile haikuishia kwa madaktari. Hata wanaharakati wa haki za wanawake wa miaka ya 1960 na 1970 waliziangalia tamthilia hizi kwa jicho baya. Swali lao kuu lilikuwa: mwanamke anaonyeshwaje kwenye magazeti, matangazo na televisheni? Walihesabu, na hesabu zilisikitisha: mwanamke alionekana mara chache, na akionekana ni mke, mama au pambo. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na bado inahitajika. Ila ilimwacha nje mtu mmoja muhimu, yule mwanamke aliyekaa mbele ya televisheni kwa hiari yake na kufurahi. Kama tamthilia ni sumu, basi yeye ni mgonjwa asiyejijua, na hakuna haja ya kumuuliza chochote.

Lawama zikirudiwa sana, mlaumiwa mwenyewe huishia kuziamini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ien Ang, mtafiti wa Uholanzi, aliweka tangazo dogo kwenye gazeti la wanawake liitwalo Viva. Alisema kwamba anapenda kutazama Dallas, ile tamthilia ya Marekani ya matajiri wa mafuta wa Texas, lakini watu wanamshangaa; akaomba wasomaji wamwandikie wanaionaje. Alipata barua 42. Sehemu kubwa ya walioipenda walianza kwa kujitetea, kana kwamba wameshtakiwa. Walijua tayari kwamba watu wenye akili zao hawapaswi kupenda kitu kama hicho.

Historia yenyewe ya tamthilia hizi ni fupi. Mwaka 1930 Irna Phillips aliandika mchezo wa kila siku kwa ajili ya kituo cha redio cha WGN, Chicago, na yeye mwenyewe akaigiza ndani yake. Muda si mrefu kampuni za sabuni, Procter & Gamble ikiwa mstari wa mbele, zikaona kwamba hiyo ndiyo njia ya kumfikia anayenunua sabuni akiwa pale pale anapoitumia. Zikadhamini michezo ya namna hiyo kwa wingi. Mmoja wa michezo ya Phillips, Guiding Light, ulianza redioni mwaka 1937, ukaingia kwenye televisheni mwaka 1952 na kuendelea hadi 2009. Hiyo ni miaka 72.

Mabadiliko makubwa ya fikra yalitoka Birmingham, Uingereza. Chuo kikuu cha huko kilikuwa na kituo cha masomo ya utamaduni kilichoanzishwa mwaka 1964, na ndani yake wanawake waliunda kikundi chao kwa sababu wenzao wa kiume walitafiti vijana wa mitaani, siasa na habari, huku jikoni kukionekana hakuna utamaduni wa kutafiti. Mmoja wao, Dorothy Hobson, aliamua kwenda kukaa na watazamaji majumbani mwao wakati tamthilia ikionyeshwa. Alichagua Crossroads, iliyohusu hoteli ya kando ya barabara karibu na Birmingham. Wahakiki waliidharau kupita kiasi, na mamilioni ya watu waliitazama.

Katika nyumba moja Hobson alimkuta mama akiwa katikati ya chakula cha jioni. Televisheni, ya picha nyeusi na nyeupe, ilikuwa juu ya friza, ikitazamana na meza ya jikoni. Mama alikuwa akipakua chakula, akiwalisha binti zake wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miaka mitatu, na wakati huo huo akijaribu kufuata kipindi. Hobson aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1982, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa kurasa zenye thamani kubwa kuliko zote katika utafiti wa vyombo vya habari. Kabla ya hapo wasomi walizungumza kuhusu mtazamaji kana kwamba amekaa kwenye kiti ndani ya ukumbi wa sinema, taa zimezimwa, hakuna anayemwita. Huyu alikuwa kazini.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mfikirie konda wa daladala inayotoka Mbagala kwenda Kariakoo. Hatangazi njia mara moja stendi kisha akanyamaza. Kila kituo anapaza sauti upya: Kariakoo, Kariakoo! Abiria wa siti ya nyuma ameshasikia mara kumi, lakini tangazo halimlengi yeye, linamlenga aliyesimama kituoni sasa hivi. Tena konda hajui nani atapandia wapi, kwa hiyo hawezi kuchagua kituo kimoja cha kutangazia. Inambidi atangaze katika vyote. Mwandishi wa tamthilia ya mchana yuko katika hali hiyo hiyo. Anajua mtazamaji wake atashuka na kupanda: maziwa yatafurika, mtoto atalia, mgeni atapiga hodi. Asichokijua ni dakika ya ngapi. Ndiyo maana habari kuu hutajwa kila baada ya muda mfupi, na hutajwa kwa maneno. Wahusika huitana majina mara kwa mara na kusema waziwazi jambo ambalo filamu ingelionyesha kwa picha tu, kwa sababu aliye kwenye sinki na mgongo wake umeielekea televisheni bado anasikia.

Na yule wa siti ya nyuma je, anayefuatilia kila siku bila kukosa? Msomi wa Marekani Robert C. Allen, katika kitabu chake cha mwaka 1985, alitoa jibu ninalolipenda sana. Kwa mtazamaji mzoefu, alisema, habari ikisemwa mara ya tatu si marudio, kwa sababu anayeambiwa amebadilika. Dada akiambiwa, tunaona wivu wa zamani ukiamka. Shangazi akiambiwa, tunakumbuka kwamba miaka iliyopita naye alikuwa na siri ya namna hiyo. Asiyejua historia ya wahusika huona watu wawili wakizungumza kile alichokisikia jana. Anayeijua anaona uhusiano mzima ukisogezwa. Mambo huwa machache makusudi, ili nafasi ibaki kwa watu wanavyoyapokea. Charlotte Brunsdon, naye aliyesoma Birmingham, aliongeza mwaka 1981 kwamba kufuata tamthilia kunahitaji ujuzi ambao jamii huwafundisha zaidi wasichana: kusoma uso, kukumbuka nani ana uhusiano gani na nani, kukisia atakayeumia. Kwa kuwa ujuzi huo haulipwi, hauitwi ujuzi.

Tania Modleski alilisukuma jambo hilo mbele zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1982. Alisema mwendo wa tamthilia za mchana unafanana na kazi za nyumbani zenyewe. Kisa hiki kinakatizwa na kile, kile na tangazo, na hakuna kinachofikia mwisho, kama vile vyombo vilivyooshwa asubuhi vitakavyooshwa tena jioni. Mwanamke ambaye siku yake yote ni kukatizwa anapewa burudani inayofanya kukatizwa kuwe sehemu ya raha.

Kwamba mazingira ndiyo yanayoamua namna ya kutazama lilionekana wazi pia kwa David Morley, aliyehoji familia 18 za wafanyakazi kusini mwa London na kuchapisha matokeo mwaka 1986. Wanaume wengi walipenda kutazama kwa makini na kimya. Wanawake walitazama huku wakiongea au wakipiga pasi, na kutazama bila kufanya kitu kingine kuliwapa hisia ya hatia. Katika nyumba moja baba aliweka rimoti zote mbili, ya televisheni na ya video, kila moja upande wake wa kiti. Morley hakusema wanaume wana akili ya utulivu kuliko wanawake. Alisema nyumba ni mahali pa kupumzikia kwa mmoja na mahali pa kazi kwa mwingine.

Tahadhari zinahitajika hapa. Modleski alisoma tamthilia zenyewe. Hakwenda kuwauliza watazamaji. Ellen Seiter na wenzake walipowahoji wanawake magharibi mwa jimbo la Oregon katika miaka ya 1980, wengi, hasa wa tabaka la wafanyakazi, hawakujiona katika yule mama mwenye huruma kwa kila mhusika ambaye Modleski alimchora. Walikuwa na hasira, waliwakosoa wahusika, na waliwapenda wanawake wabaya wa kwenye tamthilia kwa sababu hawakubali kuonewa. Familia za Morley zilikuwa Waingereza weupe wa eneo moja. Na marudio yana sababu nyingine isiyo ya kijinsia: kipindi cha siku tano kwa wiki lazima kimfae hata aliyekosa siku tatu, awe mama, mlinzi wa usiku au mgonjwa wodini. Jikoni ni sababu kubwa, si sababu pekee.

Mwendo huo wa kurudia umewahi kutumiwa kwetu kwa makusudi kabisa. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, uliofuata mbinu ya kuelimisha kupitia tamthilia iliyobuniwa na Miguel Sabido, mtayarishaji wa tamthilia wa Mexico. Waliokuwepo watamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila njia, na mkewe Tunu, ambaye hatimaye alisimama kwa miguu yake. Kwa miaka miwili ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili watafiti waweze kulilinganisha na maeneo mengine. Walikokuwa wakiusikiliza, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka, na kitu kimoja walichokiona watafiti ni kwamba wasikilizaji waliyapeleka mambo ya Mkwaju na Tunu kwa wenzi wao na marafiki zao na kuyajadili. Mke alimsimulia mume yale ambayo Tunu alikuwa amemsimulia mwenzake. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikaanza kuusikia.